Barua ya wazi kwa mkuu wa mitambo ya redio: turudishie masafa ya kati

Mheshimiwa,

Shikamoo, na pole na kazi. Nimekuandikia mara tatu kupitia ofisi ya kata bila kupata jibu, kwa hiyo leo naandika hadharani.

Alhamisi iliyopita kusi ilipindua ngalawa mbili za dago letu, yaani kambi yetu ya wavuvi, mashariki ya Kisiwa cha Mafia. Vijana wanne, mmoja wao mtoto wa marehemu dada yangu, waliningʼinia kwenye vyombo vilivyobinuka tangu adhuhuri hadi magharibi, ndipo mashua iliyokuwa ikirudi pwani ikawaokota. Wazima, alhamdulillahi, ila nyavu zote zimekwenda. Tahadhari ya upepo mkali ilikuwa imesomwa redioni tangu jana yake. Mjini waliisikia. Sisi hatukuisikia, maana ilisomwa kwenye FM tu.

FM huenda moja kwa moja kama mwanga wa kurunzi. Ukishavuka upeo wa macho, imekwisha. Masafa ya kati, yale ya AM, hutambaa juu ya nchi, na maji ya chumvi huyabeba mbali kuliko nchi kavu. Mafundi wako wanayajua hayo kuliko mimi. Mimi naijua redio ya marehemu baba. Kwenye masafa ya kati huvuti antena. Unaigeuza redio yenyewe taratibu, kidogo kushoto, kidogo kulia, hadi sauti inyooke, kwani kinachonasa ni kile kijiti cheusi kilichozungushiwa waya mle ndani. Hivyo ndivyo tulivyosikiliza tukiwa maji makuu, Dar es Salaam ikisema kama mtu aliyekaa tezini.

Sasa mchana naupitisha mshale kutoka kilohezi 531 hadi 1602, masafa ya kati yote, ni mchakacho mtupu. Usiku, mawimbi yanapodunda kutoka angani, nasikia stesheni za mbali kwa lugha nisizozijua. Za wenzetu zinafika hadi dagoni kwetu. Yetu haipo.

Wapo wanaosema wezi wamechimba waya za shaba zilizofukiwa chini ya mlingoti wa kurushia matangazo. Wengine wanasema mtambo unakula umeme mwingi, au vipuri havitengenezwi tena. Huenda yote ni kweli. Lakini baada ya kimbunga Hidaya kutua hapa Mafia, Mei 2024, ulikaa nasi chini ya mwembe ukasema mtambo utawaka ndani ya miezi 3. Mimi ndiye niliyekushika mkono kukushusha kwenye boti. Nilikuamini, na vijana nikawaambia wasiuze redio zao.

Mheshimiwa, hatudai muziki wala mpira. Kama umeme ni ghali, washa nusu saa alfajiri kabla hatujatweka, na nusu saa jioni. Ikishindikana jioni, basi alfajiri. Isomwe hali ya bahari tu, polepole, mara mbili, kisha uzime.

Alfajiri tu, Mheshimiwa.

Nahodha mstaafu,
Mafia