Barua kwa Salma: watu wa kando ya mawe

Shoga yangu Salma,

Salaam nyingi, na pole kwa shughuli ya kupanga vitu vya marehemu babu. Picha ulizopiga kwa simu zimenifikia zote, mbele na nyuma, nami nimezitazama hadi usiku. Umeniuliza mambo mawili: postikadi hizi za Misri ni za lini, na uandike nini chini ya kila moja utakapozipanga kwenye albamu ya familia. La kwanza nitalijibu kwa kifupi. La pili ndilo lililonifanya nishike kalamu badala ya kukupigia simu.

Kuhusu tarehe, usiamini muhuri wa posta peke yake. Muhuri unakwambia kadi ilitumwa lini, haukwambii picha ilipigwa lini. Wachapishaji walitumia negativu zilezile (picha za awali za kuchapia) miaka nenda miaka rudi, kwa hiyo kadi aliyoinunua babu Port Said, meli ikisubiri kuingia Mfereji wa Suez, inaweza kubeba picha ya kabla hajazaliwa. Tazama upande wa nyuma. Kama hakuna mstari unaotenga anwani na ujumbe, hiyo ni ya zamani kweli. Uingereza iliruhusu mgawanyo huo mwaka 1902, Marekani mwaka 1907, na nchi nyingi zilifuata katikati ya miaka hiyo. Kabla ya hapo nyuma palikuwa pa anwani tu, ndiyo maana ile kadi ya piramidi za Giza imeandikwa salamu angani. Na anga limekuwa jeupe kwa sababu vioo vya negativu vya enzi hizo vilidaka rangi ya buluu upesi mno. Mawe yakisubiriwa yatokee vizuri, anga lilikuwa limeshaungua.

Kadi ya Sfinksi, ile sanamu kubwa ya simba mwenye kichwa cha mtu, nayo inajieleza yenyewe. Mwili umezikwa mchangani, kimebaki kichwa na mabega. Wachimbaji walijaribu mara nyingi: Caviglia alifukua kifua chake mwaka 1817, Mariette akafukua tena miaka ya 1850, Maspero mwaka 1886, na kila mara mchanga ulirudi. Aliyeumaliza ni Émile Baraize, kati ya 1925 na 1936, naye ndiye aliyetia viegemeo vya saruji chini ya kilemba cha sanamu kisije kikadondoka. Kwenye kadi yako hakuna saruji, hakuna miguu. Basi negativu yake ni ya kabla ya Baraize.

Kadi za rangi, zile zenye anga la waridi, usizitumie kama ushahidi wa rangi ya kitu chochote. Picha ilipigwa nyeusi na nyeupe, rangi zikawekwa kiwandani Ulaya wakati wa kuchapa. Lakini ile ya piramidi zikijitazama majini ni ya kweli, usiitilie shaka. Mafuriko ya Mto Nile yalikuwa yakifika kila mwaka kwenye mashamba yaliyo chini ya Giza. Bwawa Kuu la Aswan lilikomesha jambo hilo katika miaka ya 1960, na hakuna anayeweza kuipiga picha hiyo tena.

Sasa niingie kwenye lililonikaa moyoni. Katika picha zako nyingi kuna mtu. Yuko juu ya jiwe, mlangoni mwa hekalu, kando ya ngamia. Maandishi yaliyochapwa yanataja hekalu, yanataja farao, yeye hayamtaji kabisa. Ninavyoona mimi, Salma, albamu yako ianzie kwake.

Nikupe kisa kimoja ujue nina maana gani. Maxime Du Camp, Mfaransa, alizunguka Misri na Nubia, nchi ya kando ya Nile kusini mwa Misri na kaskazini mwa Sudan, kuanzia mwishoni mwa 1849, akiwa na mwandishi Gustave Flaubert. Picha zake 125 zilitoka katika kitabu mwaka 1852, na ni miongoni mwa picha za mwanzo kabisa za mahekalu hayo kuwafikia wasomaji. Karibu kila anapopiga jengo, utamwona mtu mdogo amekaa au amesimama juu yake, ili mtazamaji ajue ukubwa wa jengo. Mtu huyo ni Hadji Ismaël, Mnubi, baharia wa mashua yao. Kule kwenye hekalu la Abu Simbel aliketishwa juu kabisa ya taji la sanamu ya farao Ramses. Kamera za siku hizo zilitaka mtu atulie tuli kwa muda mrefu, na Du Camp mwenyewe alieleza jinsi alivyompata atulie: alimwambia kwamba ile bomba ya shaba ya lenzi ni mzinga, na akitikisika tu utamfyatulia risasi.

Soma tena hilo. Watu wamezisifu picha zile kwa utulivu wake kwa zaidi ya miaka mia na sabini, na utulivu wenyewe ni wa mtu aliyeambiwa atauawa akisogea. Mimi siwezi tena kuitazama ile ya Abu Simbel bila kuanza na yeye. Hata hivyo yeye ana bahati kuliko wengi, kwa kuwa jina lake lilibaki.

Sisemi wapiga picha hawakutaabika. Francis Frith, Mwingereza aliyesafiri huko mara tatu kati ya 1856 na 1860, alitumia vioo vilivyopakwa kolodioni, dawa ya majimaji ya kunata. Kioo kilipaswa kupakwa dawa, kupigwa na kusafishwa kikiwa bado kimelowa. Ndani ya hema lililofungwa kuzuia mwanga, kolodioni ilichemka mara tu ilipogusa kioo kwa joto. Alikuwa na gari la matete lililofunikwa, lenye vifaa vyake, na watu njiani walidhani amewafungia wake zake humo. Kazi yake ni nzuri mno na ninaipenda. Ila gari lile lilivutwa, maji yalichotwa, masanduku ya vioo yalibebwa mchangani, na waliofanya hayo hawamo katika maelezo ya picha.

Tena mtu ndani ya picha anaweza kubadili maana yake yote. Ipo moja ambayo nitakutafutia nakala: mwaka 1864, mpiga picha Antonio Beato alipiga picha wajumbe wa Japani mbele ya Sfinksi. Walikuwa samurai, yaani mashujaa wa Kijapani, njiani kwenda Ufaransa kwa mazungumzo ya serikali yao, na panga zao viunoni. Ukiwaondoa, inabaki Sfinksi kama nyingine mia. Wakiwepo, unaona kabisa njia za dunia zilivyokuwa zikikutana pale jangwani hata kabla Mfereji wa Suez haujafunguliwa mwaka 1869.

Hata kwenye kaburi la Tutankhamun mambo ni yaleyale. Howard Carter, Mwingereza aliyelivumbua, aliwashukuru wanyapara wake kwa majina: Ahmed Gerigar, Gad Hassan, Hussein Abu Awad na Hussein Ahmed Said. Picha za Harry Burton, mpiga picha wa kazi hiyo, zimejaa wafanyakazi wa Kimisri wakichimba, wakibeba, wakifunga vitu kwa uangalifu. Lakini majina hayo hayakuandikwa chini ya nyuso, na leo wataalamu wanahangaika kuyaunganisha. Mstari mmoja wa kalamu siku ile ungetosha.

Zile kadi za studio zinahitaji uangalifu wa namna nyingine. Chukua ile iliyoandikwa kwa Kifaransa kwamba ni mwanamke wa Kibedui. Ikuze kwenye skrini. Pembeni kushoto pazia limekunjamana, na mtende uliochorwa juu yake umekunjika nalo. Vidole vya mguu wake wa kulia vimejikunja kushika zulia, na mtungi begani ni mtupu, unauona ulivyolegea mkononi. Huyo ni mtu aliyekalishwa studioni avae jangwa la mtalii. Kadi za aina hii zilitolewa kwa maelfu, na mara nyingi mtu yuleyule alitolewa leo kama Mbedui, kesho kama kitu kingine, ilimradi kadi inunuliwe. Usinakili maneno ya kadi kana kwamba ni habari zake. Andika unachokiona: mwanamke, studioni, pazia la kuchorwa, na maneno ya mchapishaji uyatie katika alama za kunukuu.

Zilizobaki zenye chapa ya Lehnert na Landrock, waliofungua studio Tunis mwaka 1904 na kuhamia Kairo mwaka 1924, zigawe mafungu mawili. Vilima vyake vya mchanga ni vya kupendeza, viweke mbele. Wale wasichana waliovuliwa nguo kwa ajili ya wanunuzi wa Ulaya usiwaweke kwenye albamu inayozungushwa sebuleni. Usizichome wala usizitupe, kwa sababu ni ushahidi wa biashara iliyofanyika. Zitie kwenye bahasha, uandike juu yake ni nini. Hawakuomba kutazamwa na wageni wetu.

Nimebakiza za Nubia makusudi, maana hizo ndizo zenye thamani kupita zote. Ile ya mashua ikipita katikati ya nguzo za hekalu la Philae si mchezo wa mpiga picha. Baada ya bwawa la kwanza la Aswan kukamilika mwaka 1902, kisiwa kilizama sehemu kubwa ya kila mwaka na watalii walipiga makasia kati ya nguzo. Baadaye, kati ya 1972 na 1980, mawe yale yalihamishiwa kisiwa cha Agilkia. Abu Simbel ilikuwa imetangulia: kati ya 1964 na 1968 ilikatwa vipande na kupandishwa mita 65 juu, isizamishwe na ziwa la Bwawa Kuu. Dunia nzima ilichangia, na ninafurahi ilichangia.

Lakini Wanubi wenyewe, karibu watu 50,000 upande wa Misri, walihamishiwa Kom Ombo, na wengi wengine wa upande wa Sudan wakapelekwa Khashm el-Girba, mbali kabisa na mto wao. Nyumba zao hazikukatwa vipande zikajengwa upya. Ziko chini ya ziwa. Kwa hiyo kadi yako ya mlango wa Kinubi, yenye sahani zilizopachikwa ukutani juu ya kizingiti na mzee aliyeketi barazani, ni mlango ambao haupo tena. Mchapishaji ameandika “kijiji cha Nubia” tu. Wapo wajukuu wa vijiji vile ambao wangeweza kuzitambua sahani hizo, au baraza, au hata mzee mwenyewe.

Kwa hiyo, kabla ya kitu kingine chochote, ziskani zote kwa dpi 600 (kipimo cha ukali wa picha kwenye skana), pande zote mbili, pamoja na mwandiko, stempu na namba ndogo za pembeni za mchapishaji. Kadi zishike kingoni. Usitumie gundi wala selotepu. Tumia pembe za karatasi za kushikilia picha. Maelezo yaandike kwa penseli kwenye karatasi ya albamu, si nyuma ya kadi. Kila maelezo yaanze na mtu aliyepo: yuko wapi, anafanya nini, amevaa nini, ndipo jengo lifuate.

Ile ya mzee nitumie kwanza, kabla ya zote. Nitaipeleka kwa mwalimu wetu wa Kiarabu, ana jamaa Aswan wenye asili ya Kinubi, aone kama kuna anayeujua ukuta ule. Nisalimie mama na wadogo wote.

Wasalaam,
shoga yako Mwanaidi