Madoa Meusi Angani: Vumbi Limeingia Lini?

Wiki iliyopita kijana mmoja anayepiga picha za kwanjula (sherehe ya Kiganda ya utambulisho kabla ya harusi) alirudi dukani kwetu Kampala amekasirika. Tulikuwa tumembadilishia kitufe cha kupigia picha. Siku mbili baadaye akapiga maharusi juani, na kila picha ikatoka na madoa manne meusi angani, mahali palepale. Akasema tumemchafulia kamera, kisha tunataka kumtoza tena tuisafishe. Lawama hii tunaipata kila kiangazi.

Tulimuuliza kama hupiga picha lenzi ikiwa mkononi. Akakubali, tena kwa fahari: anachomoa lenzi ya milimita 50, anaishika mbele ya bodi ya kamera na kuiinamisha kidogo. Jicho la bibi harusi linakaa wazi, mengine yanayeyuka, mwanga unapenya pembeni. Picha zake ni nzuri kweli. Lakini muda wote huo mdomo wa kamera uko wazi. Kama kamera yako ni hizi mpya zisizo na kioo cha kuinuka, sensa, yaani kile kibapa cha ndani kinachonasa picha, haina kinga, na vumbi letu jekundu la murram halibishi hodi.

Mbona hakuyaona madoa mapema? Lenzi ya mkononi hutumika tundu lake la kupitisha mwanga likiwa wazi kabisa, na hapo kivuli cha punje ya vumbi hutawanyika hadi kisionekane. Juani ukibana tundu mpaka f/11 au f/16 (namba ikipanda, tundu hupungua), kivuli kinakazana kuwa doa. Piga mbingu tupu kwa f/16 utaona. Kamera ya kijana huyu hatukuipima hivyo tulipoipokea, maana alileta tatizo la kitufe tu. Sasa tunapima kila kamera, mwenyewe akiona.

Kinachotuumiza ni wanaojisafishia. Wengine hupuliza kwa mdomo, na mate yakikauka juu ya sensa hayatoki kwa pampu ya mpira. Mama mmoja mwenye studio Jinja alipangusa kwa pindo la shati. Punje ya mchanga ikaburutwa kutoka upande hadi upande, ikachora kioo kinachofunika sensa. Mchoro hausafishwi, kioo kile hubadilishwa, na alilipa zaidi ya mara kumi ya bei ya kusafisha.

Bei yetu ya kusafisha sensa ni shilingi 70,000, na tunaambiwa ni ghali kwa kazi ya dakika ishirini. Kitambaa tunachotumia kina upana wa sensa, kinapita mara moja kila upande, kinatupwa. Ikibaki alama, tunafungua kingine bila kukuongezea bei. Betri lazima ijae kwanza, kwa sababu kamera ikizimika katikati, shata (pazia lililo mbele ya sensa) inaweza kujifunga juu ya kitambaa na kuvunjika.

Ukiipenda kazi ya lenzi mkononi, ifanyie ndani ya nyumba, feni imezimwa. Vidole vizunguke mwanya wote kati ya lenzi na bodi. Ukimaliza, elekeza mdomo wa kamera chini ndipo uirudishe lenzi. Ukituletea kamera, njoo na betri iliyojaa.