Kabla ya kuuangusha mti, kwaruza gome lake

Mhariri,

Kila kiangazi kuna miti hai inayokatwa kwa sababu tu imepukutisha majani. Wakati huohuo, miti mingine inaachwa kwa kuwa imesheheni majani mabichi, kumbe shina limeoza ndani na linangoja upepo tu liangukie paa. Sisi tunaofanya kazi ya kutunza miti tunaomba nafasi tueleze namna ya kuukagua mti, maana majani peke yake hayatoshi.

Tafuta kitawi chenye unene wa penseli, ukwaruze gome lake kwa ukucha au kisu safi, sehemu ya sentimita moja tu. Chini ya ganda la juu utakuta utando mwembamba. Ukiwa na unyevu na rangi ya kijani, au mweupe mbichi kwa baadhi ya miti, hapo pana uhai. Ukiwa wa kahawia na mkavu, hapo pamekufa. Usikate shauri kwa kitawi kimoja. Rudi nyuma kuelekea shina ukikwaruza hapa na pale, kisha ujaribu matawi ya pande nyingine, kwani mti hufa kidogo kidogo. Miti mingi hupukutisha majani wakati wa ukame ili kubana maji, na mvua zikirudi huchipua tena.

Jambo la kutia shaka ni majani makavu yanayong'ang'ania tawini. Jani hujibandua kwa kazi ya chembe hai zilizo kwenye kikonyo chake, na tawi likifa ghafla kazi hiyo haifanyiki. Kwa hiyo tawi moja lenye majani ya kahawia yasiyodondoka, katikati ya mengine mabichi, mara nyingi limekufa.

Mti ukianza kukauka nchani, kileleni na pande zote, chimbuko la tatizo kwa kawaida liko ardhini. Mizizi mingi inayonyonya maji imo katika sentimita 60 za juu za udongo na husambaa mbali kupita kivuli cha mti. Mtaro uliochimbwa, kifusi kilichomwagwa au magari yanayoegeshwa hapo huiua. Dalili huweza kuchelewa miaka kadhaa, ndipo lawama zote hutupiwa jua la mwaka huo. Tazama pia shina linapoingia ardhini: linapaswa kutanuka. Likizama wima kama nguzo, huenda limefukiwa, na mizizi inakosa hewa.

Uyoga mgumu uliojitokeza kwenye shina au mizizi ni onyo zito, kwa maana kuvu limekwisha kula mbao za ndani. Gonga shina kwa nyundo ya mbao usikilize kama kuna mlio wa uwazi. Hata hivyo, mti wenye uwazi ndani si lazima uwe unakufa. Maji hupanda kupitia mbao za nje, na chakula hushuka kupitia gome la ndani. Ndiyo sababu majani hubaki mazuri huku moyo wa mti umeoza. Kwa upande mwingine, gome likibanduliwa kuzunguka shina lote, au waya ukilikaba, mizizi hufa njaa hata kama majani yatakaa mabichi kwa miezi.

Kitu kisichosubiri ni mti ulioanza kuinama hivi karibuni, udongo ukipasuka au kuinuka upande ulio kinyume na ulikoinamia. Watu waondoke chini yake siku hiyohiyo, na aitwe fundi mwenye vifaa.

Mti uliodhoofika lakini hai, mwagilia taratibu maji yazame, eneo lote la kivuli. Tandaza majani makavu au vipande vya mbao kwa unene wa sentimita 5 hadi 10, bila kuyagusisha na shina. Usikimbilie mbolea: huchochea majani mapya ambayo mizizi dhaifu haiwezi kuyalisha. Kuziba mashimo kwa saruji au kupaka kidonda rangi hakuzuii kuoza, na saruji huumiza shina linapoyumba. Tawi lililokufa likatwe nje kidogo ya uvimbe ulio kwenye maungio yake na shina. Uvimbe huo ndio unaoziba kidonda. Ukiukata, kuoza kunaingia shinani, na ukiacha kisiki kirefu, gome halitaweza kukifunika.

Watunza miti