Barua kwa Rehema: zile chembe zilizobadilika rangi

Rehema mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi sijambo, ila usingizi sina, na mwenye kosa ni wewe na swali lako.

Unakumbuka nilikwambia chembe zangu ndogo mno za fuwele ziling'aa kijani zikiwa ndani ya tolueni (kimiminika cha kuyeyushia), nikazikausha juu ya kioo, zikaegemea manjano? Mara ya kwanza nilidhani nimeziharibu. Nikamwaga kichupa kizima (hadi leo kinaniuma), nikatengeneza nyingine. Yaleyale. Safari hii nikaurudisha ule utando kwenye tolueni, nikamulika kwa taa ya urujuanimno, na kijani kikarudi kama hakikwenda popote. Basi hakuna kilichoharibika. Zikikaribiana ndipo zinapofanya mambo.

Ni fuwele za kadimiamu selenidi, hazifiki hata nanomita 3 kwa upana (nanomita ni sehemu moja ya bilioni ya mita). Humo elektroni imebanwa, na kadiri fuwele inavyopungua ndivyo nishati ya mwanga wake inavyopanda: yenye nanomita 2 hutoa bluu, yenye 6 nyekundu. Hayo ndiyo yaliyowapa Ekimov, Brus na Bawendi Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2023, sikuchoshi nayo. Kumbuka tu kwamba hata ukiwa na mkono mzuri, chembe za chungu kimoja hazilingani sawasawa. Zipo ndogo kidogo, zipo kubwa kidogo.

Sasa swali lako: je, ndogo hutoa mwanga, kisha kubwa ikaumeza? Ni wazo zuri, na huwa linatokea kidogo. Lakini katika utando, kazi kubwa hufanyika bila fotoni yoyote, yaani punje ya mwanga, kutoka. Chukua nyuzi mbili zilizokazwa kwa sauti moja. Gusa huu, ule wa pili unatetemeka. Chembe ndogo iliyosisimka humtikisa jirani yake hivyo hivyo, nishati ikahamia huko, na kubwa ndiyo inayowaka, kwa rangi yake. Kurudi nyuma ni shida, kwa kuwa kubwa haina nishati ya kutosha kuisisimua ndogo. Kwa hiyo rangi huteremka tu kuelekea wekundu.

Umbali ndio kila kitu. Mwanasayansi Förster alionyesha kuwa kasi ya uhamisho hupungua kwa kipeo cha sita cha umbali: ukiuzidisha maradufu, kasi inashuka mara 64. Ndani ya tolueni chembe zimetawanyika mno, kila moja inawaka kivyake.

Ushahidi ulionikosesha usingizi ni wa muda wa mng'ao. Kama ndogo ingekuwa inatoa mwanga wake kwanza, mng'ao wake ungedumu muda uleule, kumezwa kungekuja baadaye. Nilipopima upande wa bluu wa wigo (mpangilio wa rangi za mwanga), ambako ndogo ndizo zinazowaka, mng'ao uliodumu nanosekunde 20 hivi kwenye kimiminika ulizimika upesi zaidi kwenye utando. Upande wa wekundu ulichelewa kuzimika, kwa sababu bado unapokea kutoka kwa majirani. Niliitazama ile michirizo miwili kwenye skrini mpaka chai ikapoa.

Wiki ijayo nazivika ganda nene la zinki salfidi ili viini vikae mbalimbali. Nakisia zitabaki kijani hata zikikauka. Nikikosea, nitakuandikia vilevile, usinicheke.

Wako,
Idi