Mama, usiniambie njoo kesho

Muheza, Jumamosi usiku

Mwanangu, mama,

Assalaam alaykum. Najua utacheka kupata barua kutoka kwa mtu mliyekula naye wali jana usiku. Wewe umelala chumba cha pili, mimi niko barazani na taa ya cherehani, nakuandikia. Nikisema kwa mdomo nitapandisha sauti, na nikipandisha sauti utaniambia "sawa baba", na ile "sawa baba" yako siku hizi inanitia hofu kuliko ungenibishia. Karatasi hii nitaitia kwenye mfuko wa ndani wa lile gauni la bluu. Utaikuta utakapotia mkono kutoa hela ya nauli.

Ulifeli masomo matatu, ukaacha chuo, hukutuambia, na kesho unarudi. Jambo langu ni moja. Matokeo yakitoka, niambie siku ile ile. Yakiwa mabaya, niambie siku ile ile. Usingoje mpaka upate la kuyapambia. Mengine yote yaliyomo humu ni nyongeza, hata ukiyaruka sitajua.

Ya pale stendi ya Msamvu, Morogoro, siyarudii. Unayajua. Ila mama yako halijui lile neno nililolitamka mbele ya wapiga debe, na mpaka leo hukumwambia. Hilo nimeliona, na nimelala nalo usiku mwingi.

Nilichukua kalenda ile ya duka la vitambaa nikahesabu. Tangu matokeo yako yatoke mpaka mimi kuyajua zilipita wiki 22. Ndani ya wiki hizo ulinipigia simu kila Ijumaa, hukukosa hata moja. Masomo vipi? Yanaenda baba. Na matokeo? Bado baba, wamechelewesha. Nami nikawa nawasema walimu wenu mbele ya wateja, kwamba watu wazima wanalipwa mshahara, karatasi za kusahihisha zinawashinda. Nimewasema watu ambao kazi yao walishaimaliza zamani.

Sasa sikiliza kilichonipata juzi. Alikuja mteja, yule wa gauni la maulidi. Nikamwambia njoo kesho, nimebakiza vifungo tu. Akashukuru akaenda zake. Mdogo wako akainama chini ya meza, akakitoa kitambaa chake kikiwa kimekunjwa vile vile alivyokileta, mkasi haujakigusa, akanitazama. Hakusema kitu. Mimi nikamfukuza aende akachote maji.

Alipotoka nikabaki nakitazama kile kitambaa. Wewe umekulia chini ya meza hii. Mabaki ya vitambaa ndiyo yalikuwa godoro lako mchana. Kabla hujajua kutamka "cherehani" ulishajua kutamka njoo kesho; bado pindo, bado vifungo, umeme ulikatika. Nimekutuma mara ngapi ukawaambie watu baba kaenda sokoni, nami niko nyuma ya pazia nimebana pumzi? Sisemi zaidi ya hapo. Nasema tu kwamba nimekumbuka.

Na kile kitenge cha bibi harusi wa Ngomeni sina haja ya kukueleza, kwa sababu aliyekificha uvunguni ni wewe. Nilikikata maua yakaangalia chini. Siku ile ile ningemwita nikamwambia, angenung'unika, angenitukana pengine, lakini dukani vilikuwa bado vipo vya rangi ile na tungenunua kingine. Nikakaa nacho siku 12. Siku ya 12 dukani havikuwepo tena.

Zile sapu zako tatu, mitihani ya marudio, nazo zilikuwa na tarehe zake. Ndicho kinachonichoma. Kufeli hakunichomi hivyo, wallahi. Takwimu nimeliona daftari lake, nikadhani ni mchoro wa ramani. Kinachonichoma ni kwamba tulikuwa na nafasi. Ungeniambia mwezi wa nne ningeuza mbuzi, ungepata wa kukufundisha, ungekaa ukazifanya sapu zako, na ukifeli moja ungeibeba kama kari ukaendelea na wenzako. Badala yake tarehe zikapita wewe umo ndani ya kibanda cha wakala unahesabu pesa za watu. Nami nilifika wiki mbili baada ya sapu kwisha, na tenga la machungwa begani kama mjinga.

Na hapo pia nikuambie kitu ambacho sikukwambia. Ulipokwenda kufunga mzigo, mwenye kibanda alinivuta pembeni. Akasema miezi mitano ile hesabu yako haikupungua hata shilingi mia, floti inafungwa jioni iko sawasawa, na kwamba kabla yako alipitia vijana wanne na wote walimwibia. Mimi nimekasirika, mikono inatetemeka, na papo hapo kifua kimenijaa. Mtoto aliyefeli hesabu! Nilitaka kumwambia "ni wangu huyo", kisha nikakumbuka ninakugombeza.

Ada ya semista hii tumejilipia kwa kuwa mkopo umesimama. Usiulize ilikotoka. Ukirudi likizo utakuta barazani pana nafasi upande wa dirishani, nimepaacha wazi makusudi ili wateja wakae. Cherehani moja inatosha, macho yenyewe ni mawili tu.

Halafu ile 150,000 ya bati niliyokuomba kwenye bumu lako, ile hela ya mkopo ya kujikimu. Wewe hukusema kwamba ndiyo ya kula, nami sikuuliza. Juzi nilipiga hesabu: mlikuwa mkipewa 10,000 kwa siku, ya chakula na malazi. Kwa hiyo upande ule wa jikoni niliuezeka kwa siku zako 15. Haujavuja tangu hapo. Nimeiandika kwenye daftari la wadeni, ukurasa wa mbele, jina langu.

Ukifika, kabla hujafungua begi, nenda kajisajili. Ile barua ya kukuruhusu kurejea nimetoa kopi mbili, moja iko kwenye kopo la vifungo hapa nyumbani, isije ikapotea. Hakikisha kontroo namba ya malipo ni ya semista hii na si ile ya zamani iliyobaki kwenye simu yako. Ile 50,400 ya bima ya afya nimeifunga mbali kwenye kitambaa cheupe, usiile. Nenda kwa Mshauri wa Wanafunzi ujitambulishe kabla hujapata shida. Kaa mbele darasani. Ukiona hujaelewa uliza, na ukiona haya kuuliza mbele za watu mfuate mwalimu ofisini kwake. Watoto wa watu wanaofaulu ndivyo wanavyofanya, nimeambiwa.

Aliyeniambia ni mwalimu jirani yetu. Nilikwenda kwake Jumatano na kalamu. Kanieleza kwamba GPA, yaani wastani wa alama, ya kupita inaanzia 2.0 na daraja la kwanza linaanzia 4.4. Nikamwambia mimi wangu sitaki 4.4, nataka apite tu kwa amani. Nikarudi nyumbani nikaona nimemdanganya, naitaka. Lakini hata ikija 2.1, niambie siku ile ile. Ikija 1.6, mama, ndiyo hasa unayotakiwa kuniambia siku ile ile, hiyo ya 4.4 unaweza kunichelewesha hata mwezi.

Utakaosoma nao sasa ni wale waliokuwa nyuma yako. Watakuita dada. Itika. Wenzako wamemaliza Julai na mahafali yao ni mwezi huu huu, kwa hiyo utawaona na majoho wakipiga picha kwenye nyasi. Usijifungie chumbani siku hiyo. Vaa lile gauni, nenda ukawape mkono. Halafu uyaangalie vizuri majoho yenyewe mabegani, mimi nimeyaona kwenye simu ya mwalimu, hayakukaa. La kwako utakaloazima utaniletea nilitazame kabla hujalivaa.

Kuhusu kuishi: usirudi kule ghetto la mwanzo. Yule rafiki yako simlaumu, alikupa pa kulala na alikuwa na adabu aliponiona, lakini nyumba ya watu wasioamka asubuhi haina mwanafunzi. Umesema umepata chumba na binti wa Handeni. Vizuri. Nitumie namba yake, si ya kukuchunguza.

Haya, ni ya kukuchunguza kidogo.

Unajua mimi mtaani nilikuwa nasemaje mwaka huu mzima? Wakikuona unashona vifungo kibarazani wananiuliza, binti vipi, hajarudi chuo? Nawajibu yuko likizo. Likizo ya mwaka! Watu wakawa na heshima, wakanyamaza. Yale matokeo yako ya kidato cha sita niliyoyabandika ukutani niliyabandua mimi, mama yako hakuwa na mkono hapo; yeye ndiye aliyeyarudisha, akayagundisha kwa ugali kwa kuwa gundi nilimficha. Basi Jumatano nikitoka kwa mwalimu nikapita kwa muuza maandazi, akaniuliza swali lile lile. Nikamjibu: alifeli, akaacha, hakutuambia, Jumapili anarudi. Alinitazama, kisha akaniongezea maandazi mawili bure. Mpaka sasa sijui yalikuwa ya hongera au ya pole. Niliyala njiani.

Sikuahidi kwamba ukiniambia baya sitagomba. Nitagomba, unanijua. Pengine nitakata simu. Wewe usiogope, hesabu dakika kumi kisha nipigie tena, nitakuwa nimeshatembea mpaka kwenye mwembe nikarudi. Nikimaliza kugomba tutapanga. Kitochi changu, hii simu ndogo, nimekinunulia betri mpya, hakizimi, hata saa nane ya usiku. Kama sauti yangu inakushinda, tuma meseji. Mdogo wako atanisomea. La, mdogo wako asisome, nitasoma mwenyewe, miwani ninayo.

Na usiseme "bado" kama si bado.

Mimi nami nimejiwekea lile la wateja. Tangu juzi anayekuja namwambia ukweli: sijakata, rudi Jumanne. Wawili wamechukua vitambaa vyao wakaenda kwa fundi wa stendi. Yule wa maulidi alibaki, akakaa hapo hapo akanisubiri mpaka magharibi, akanipigia stori za mumewe zote. Kazi ya ukweli ina hasara zake.

Mama yako mguu bado unamsumbua, lakini ukimpigia atakwambia umepona, kwa hiyo na yeye ni wa kulaumiwa katika nyumba hii. Muulize mdogo wako ndiye asiyejua kuficha. Mtihani wake wa kidato cha nne unaanza mwezi huu, anasoma usiku na LUKU inakwenda kama maji. Nimemwambia asome, uniti nitanunua. Nilitaka kumwambia asije akafanya kama wewe. Sikusema. Yeye mwenyewe akaniuliza, baba, dada akifika chuo anaweza kunitumia maswali ya Hesabu? Mtumie.

Kuku wako mwenye kilemba ameangua saba. Mmoja amechukuliwa na mwewe leo asubuhi, wewe ulikuwa unafunga begi, sikutaka kukuharibia siku. Unaona, hata hili nimelificha tangu asubuhi. Kazi ipo.

Kesho ukikosa basi la moja kwa moja shuka Chalinze upande la Morogoro, usikubali mtu akubebee begi. Sufuria ndogo nimeitia, kifuniko chake kimebaki kwa jirani, nitakituma na mtu. Karanga ziko kwenye mkebe wa maziwa. Usiwape wote.

Sasa kuna neno nataka unisaidie, maana wewe ndiye unayesomea huo Uchumi Kilimo na mimi najua pindo tu. Wale wanunuzi kutoka Kenya wamepita shambani kwa babu yako, wanataka machungwa yaliyobaki wayanunue yakiwa juu ya mti, wao wenyewe wachume, wanalipa taslimu. Bei yao naiona ndogo. Jirani anasema ningoje nichume mwenyewe nipeleke Dar, lakini kuna gari, kuna matenga, kuna yanayooza njiani, na vuli hii barabara ya shambani unaijua. Miti inayozaa nimehesabu ni 43. Kaa nalo kwenye basi, chukua kalamu, uniambie nikubali au nikatae, na usinitazame usoni wala kunionea haya, niambie kama ungemwambia mtu baki. Wanarudi Alhamisi asubuhi, kwa hiyo jibu nilipate Jumatano.

Baba yako