Aksanti kwa ule papa wa Ngomo

Ule papa wa kofia ya bulu mwenye alisimama kwenye mupando wa Ngomo siku ya posho, aksanti sana. Sikukuuliza hata jina, ni haya tu.

Nilikuwa natoka Kamanyola narudi Bukavu na pikapu, nyuma navuta remorki ya jenereta, nikakwama nyuma ya kamio moja ya magunia yenye inatembea kama kinyonga, mi naona sindano ya joto iko katikati nasema moteri iko sawa, kumbe harufu ya kuungua inaingia mupaka ndani. Ukaniambia "kijana, iyo sindano ni ya maji ya moteri, bwate ya otomatiki, yenye inabadilisha gia, iko na joto yake." Ukachomeka kale kadude kako ka kusoma joto chini ya usukani, simu ikaonyesha bwate iko digrii 127!! Mi nikataka kuzima, ukanishika mukono: weka P (ya kusimama), acha moteri izunguke, mafuta ya bwate ipite kwenye radiatere ipoe. Kisha dakika 20 hivi ikashuka 92. Ukavuta kijiti ya kupima mafuta ya bwate, mafuta yenye ingekuwa nyekundu ilikuwa kama chai ya rangi.

Tena ukanifundisha kupanda na L (gia ya chini), kuacha kamio iende mbele kwanza, maana kutambaa na muzigo njo kunapikisha bwate. Feza ulikataa, ukabeba paka maembe mbili.

Mafuta nimebadilisha, kadude nimenunua. Ukipita Kadutu niite, maembe ingali iko.