Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Viwango vya Usalama: lebo ya mkanda isomeke kwa aliyeushika

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Tunaokuandikia ni washonaji, wakaguzi na watumiaji wa mikanda ya kunyanyulia na kufungia mizigo. Tunaomba kanuni za lebo za onyo zilizo chini ya ofisi yako zirekebishwe, kwa sababu lebo nyingi za sasa zinamkinga mtengenezaji kuliko zinavyomkinga anayesimama karibu na mzigo.

Kosa linalotutisha kuliko yote ni mkanda wa kufungia mzigo kwenye lori kutundikwa kwenye kulabu ya kreni. Kwa macho mikanda hiyo miwili inafanana: poliesta ileile, mshono uleule. Tofauti iko kwenye akiba ya nguvu. Kwa kiwango cha Ulaya EN 1492-1, mkanda wa kunyanyulia hutengenezwa uhimili mara 7 ya uzito ulioandikwa. Wa kufungia, kwa EN 12195-2, ukishaunganishwa na vyuma vyake hudaiwa mara 2 tu ya kiasi cha LC, yaani nguvu ya juu kabisa ambayo mkanda unaruhusiwa kuvutwa nayo ukiwa umefunga mzigo. Halafu lebo yake huandikwa LC 2500 daN (dekanewtoni, kipimo cha nguvu), na 5000 daN ukizungushwa mzigo. Kwa kuwa daN 1 inakaribia uzito wa kilo 1, anayeona 5000 anasoma tani 5 na kunyanyua. Onyo la kutonyanyulia limo kwenye lebo, kiwango kinalitaka, lakini limebanwa kwa herufi ndogo katikati ya mistari mingine. Tunataka mchoro wa kulabu uliokatwa kwa mstari mwekundu, ukae juu kabisa na uchukue angalau robo ya uso wa lebo.

Kwenye lebo hiyohiyo kuna namba nyingine inayopuuzwa: STF, yaani mkazo unaobaki kwenye mkanda baada ya mkono kuvuta racheti, kifaa cha kukazia mkanda, kwa nguvu ya daN 50. Mkanda wenye LC 2500 unaweza kuwa na STF ya 300 hivi. Mkanda ukipitishwa juu ya mzigo, kinachozuia mzigo kuteleza ni msuguano, na msuguano huo unatokana na STF, si LC. Dereva anayehesabu mikanda kwa LC anaondoka na mikanda michache mno akiamini amefunga vizuri. STF iandikwe kwa ukubwa uleule wa LC.

Kwenye mikanda ya kunyanyulia, tatizo kubwa ni pembe. Mzigo ukibebwa na miguu miwili ya mkanda, yaani vipande viwili vinavyoshuka kutoka kwenye kulabu, iliyosimama nyuzi 60 kutoka usawa wa ardhi, kila mguu hubeba asilimia 58 ya uzito. Kwenye nyuzi 45 ni asilimia 71. Kwenye nyuzi 30 kila mguu hubeba uzito wote. Lakini majedwali ya Ulaya hupima pembe kutoka kwenye mstari wima, na ya Marekani hupima kutoka usawa. Kwa hiyo "30" ya lebo moja ni salama na "30" ya nyingine ni hatari, na mikanda yote miwili inaweza kuning'inia kwenye ukuta mmoja wa stoo. Namba peke yake haitoshi. Pembe ichorwe.

Rangi nazo zinachanganya. Lebo ya buluu ni poliesta, ya kijani nailoni, ya kahawia polipropilini. Ila mkanda wenyewe ukiwa wa kijani maana yake ni tani 2, na wa buluu ni tani 8. Aina ya uzi iandikwe kwa maneno, maana asidi huharibu nailoni na alkali kali huharibu poliesta. Anayekosea hapo hataona dalili mapema.

Kuhusu maneno: "tumia kwa uangalifu" hayamsaidii mtu. Onyo litaje hatari, litaje matokeo, kisha liseme la kufanya. Mfano: "ONYO. Ukingo mkali hukata mkanda. Mzigo utaanguka na unaweza kuua. Weka kinga kwenye kona." Neno HATARI libaki kwa jambo ambalo lisipoepukwa litaua au kujeruhi vibaya; likitumiwa kila mahali, jicho hulizoea.

Lebo ikifutika, mkanda unapaswa kuondolewa kazini. Kiuhalisia hubaki kazini bila lebo, basi lebo idumu. Isiwekwe pale mkanda unapokabwa au kugusa kulabu. Sehemu yake yenye namba ya utambulisho ishonwe chini ya mshono wa mkanda, ili ya nje ikichanika mkaguzi bado aweze kuufuatilia. Kabla ya kuidhinishwa, lebo isuguliwe kwa kitambaa chenye mafuta, ilowekwe, ianikwe juani, kisha isomwe tena.

Mwisho, michoro ionyeshwe kwa wapakiaji wenyewe bila maelezo, waulizwe wangefanya nini. Mchoro wanaouelewa kinyume uchorwe upya kabla ya lebo hata moja kuchapwa.

Wako katika kazi,
Washonaji, wakaguzi na watumiaji wa mikanda ya mizigo